Sentimita Kumi na Tano

Chuoni Tanga nilifundishwa: waya mwekundu ndio unaouma,
mweusi umelala, unarudisha mkondo kwao kimyakimya.
Nikafika Hamilton mwezi wa pili, theluji magotini,
nikaushika mweusi kwa mazoea.
Mkono uliruka kama wa mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Huku mweusi ndio ulio hai.
Mweupe ndio urudio nyumbani mikono mitupu.

Fundi mkuu, Adelino Furtado, hakucheka.
Aliniletea kitabu cha kanuni, kizito kama tofali la kuchoma.
"Kisome," alisema, "kama mtu aliyeoa ugenini."

Nikakisoma jikoni usiku, kamusi pembeni, chai ikipoa.
Soketi zipangwe hivi: popote ukutani utakaposimamisha taa,
isizidi mita moja na themanini hadi pa kuchomeka,
mtu asije akaburuta waya chini ya zulia.
Karibu na sinki, soketi ijikate yenyewe
kabla moyo haujakosa pigo.
Kebo ikitoboa nguzo ya mbao, ikae ndani,
milimita thelathini na mbili kutoka ukingoni,
kwa kuwa kuna mtu, pengine hajazaliwa bado,
atakayepigilia msumari atundike picha ya harusi.

Leo niko Mtaa wa Barton, nyumba kuukuu ya matofali,
kuta zimevuliwa, mbavu nje.
Msanifu, Bi Rosalind Petrenko, ana ramani safi kama shuka.
Bodi ya fyuzi ameificha ndani ya kabati la nguo.
"Inaniharibia sebule," alisema.
Nikamwambia hairuhusiwi.
"Kifungu gani?"

Namba nilikuwa nayo. Sikuitaja.
Nilisimama mbele ya kabati lake, chaki tu sakafuni,
nikafumba macho,
nikapapasa kama mtu aliyeamshwa na harufu ya plastiki:
koti. Koti. Gauni. Sanduku la viatu.
Nikarudi nyuma upesi, mgongo ukagonga nguzo.

Alinyamaza. Akatoa penseli, akafuta.
Bodi akaihamishia ukumbini, na mbele yake
akachora mraba wa mita moja, mtupu,
akaandika: *hapa pasiwekwe kitu.*
Kisha akasema, "Na ile namba?"
Nikamtajia. Akaiandika pia.

Alasiri nilifungua boksi la zamani nyuma ya jiko.
Fundi wa miaka ile, sijui alikuwa na haraka ya nini,
alikata nyaya mdomoni kabisa mwa boksi.
Vidole haviingii, koleo halishiki.
Saa nzima. Nikamtukana kwa Kireno cha Adelino,
kikaniishia, nikamalizia kwa Kidigo.

Kanuni inataka waya uachwe mrefu ndani ya boksi,
sentimita kumi na tano, usipunguzwe.
Mwanzoni niliona ni shaba inayotupwa.
Leo, kidole gumba kikivuja damu kwenye kitambaa,
nimejua ile shaba ni ya nani.

Kwetu tulisema *tahadhari kabla ya hatari* tukaendelea na kazi.
Maneno manne. Kitabu kile kina kurasa mia kwa mia
za maneno hayo hayo manne,
ila yamepimwa kwa rula.

Alhamisi atakuja mkaguzi, Bwana Lachance,
na tochi yake na miwani miwili.
Atahesabu, atatia saini, ataondoka,
plasta itafunika, rangi itafuata,
na hakuna atakayejua nilipita.

Isipokuwa mmoja. Miaka arobaini ijayo,
bisibisi mkononi, akifungua boksi hili
ili aongeze kitu ambacho sisi hatujakipatia jina.

Nimeacha kumi na tano.
Halafu nikaongeza mbili,
labda vidole vyake vitakuwa vinene kama vyangu.